Ndege ya maji ya kujiundia: aliyeiunda si sawa na aliyeinunua

Nchini Marekani sheria inamruhusu mtu kuunda ndege gereji kwake na kuirusha, mradi sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, ifanywe na watu wanaojifunza au kujiburudisha, si kiwanda. Ndege hiyo huandikwa kuwa ya majaribio, na haibebi abiria wa kulipa nauli. Wapo wanaochagua ile iliyo ngumu kuliko zote: yenye tumbo la mashua na magurudumu ya kukunja, inayotua ziwani asubuhi na jioni ikalala uwanjani. Hao nawaunga mkono kwa moyo wote. Anayenitia wasiwasi ni yule anayeinunua kwao.

Chukua Sportsman VJ-22, aliyoibuni Volmer Jensen huko California na kuirusha mwaka 1958. Ina viti viwili ubavu kwa ubavu na tumbo la mbao. Mabawa yalichukuliwa kwenye ndege za Aeronca zilizokwisha kuruka, hivyo fundi aliepushiwa kazi ndefu ya kuyaunda. Injini imepandishwa juu ya bawa ili propela isipigwe na maji. Ni akili nzuri, ila ina gharama yake. Msukumo ukitokea juu kiasi hicho, ukiongeza moto pua inainama, ukipunguza inainuka. Rubani aliyezoea ndege za kawaida mkono wake unatarajia kinyume. Injini ikizima punde tu baada ya kuruka, pua inapanda yenyewe na mwendo unakwisha. Lazima aisukume chini mara moja, wakati maji yako karibu kabisa.

Wanaotetea kununua wana hoja ya kweli. Saa za kwanza za ndege mpya ndizo za hatari, na ndiyo maana kwa kawaida hupangiwa saa 25 au 40 za majaribio kabla ya kupakia abiria. Mnunuzi anakuta hayo yamepita, na bei mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kuunda upya. Tena kujua kugundisha mbao si kujua kurusha. Hilo nalikubali.

Lakini mbao zina siri. Baada ya kutoka majini unafungua kizibo cha chini, maji yaliyojikusanya tumboni yanatiririka, unasubiri hadi tone la mwisho. Maji yakibaki, mbao inakunywa, ndege inazidi uzito, kisha uozo unaanza mahali pasipofikiwa na jicho. Aliyeiunda anajua kila kiungo, hata kile alichokigundisha usiku wa baridi akakitilia shaka. Mnunuzi anagonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kama mlio ni mkavu au butu. Na FAA, mamlaka ya anga ya huko, humpa muundaji anayeomba cheti cha kuikagua ndege yake kila mwaka. Cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege.

Kwenye magurudumu wote wawili ni sawa. Ukitua uwanjani ukiwa umeyakunja, utakwaruza tumbo, na mara nyingi utatoka salama. Ukitua majini yakiwa chini, yanashika maji na ndege inaweza kupinduka kichwa chini, mikanda ikiwa bado imekubana. Ndiyo maana marubani hawa husema kwa sauti hata wakiwa peke yao: natua majini, magurudumu yako juu. Sioni kifaa kinachoweza kuchukua nafasi ya desturi hiyo.

Kwa hiyo sisemi usinunue. Nasema ulizia daftari la ujenzi na picha, kaa na aliyeiunda kama yu hai, na ufundishwe na rubani anayeijua ndege ya aina hiyo hiyo. Muuzaji asipokuwa na picha hata moja ya mbavu za tumbo kabla hazijafunikwa, mimi ningerudi nyumbani na pesa zangu.