Toronto nako watu hutuza

Jumanne ya kwanza nilipoingia Horseshoe Tavern, baa ya muziki hapa Toronto, barabara ya Queen upande wa magharibi, nilidhani watu wamenuna. Jukwaani kulikuwa na bendi ya vijana wanne, msichana anaimba kwa sauti ya kukwaruza kidogo, mpiga dramu jasho linamtiririka. Mbele yao watu wamesimama kwenye ile sakafu ya miraba myeusi na myeupe, mikono wameikunja kifuani, wanatikisa vichwa tu. Wimbo ukiisha wanapiga makofi na miluzi, kisha wanarudi kukunja mikono. Hakuna aliyesogea.

Mimi nimekulia Tanga, na shangazi yangu alikuwa hakosi taarab. Alikuwa na kipochi chake cha noti ndogondogo alichokiandaa tangu mchana. Ubeti ukimgusa, au akiona unamgusa jirani yake, huinuka taratibu, akacheza hatua kwa hatua hadi mbele, noti kaishika juu, akamwekea mwimbaji mkononi. Alikuwa akiniambia makofi kila mtu anayo. Kumtuza mwimbaji ndiko kumjibu.

Kwa hiyo wale vijana niliwaonea huruma. Walipomaliza walikunja nyaya zao wenyewe, wakabeba spika zao wenyewe. Halafu yule msichana akashuka, akaenda pembeni karibu na mlango, akasimama nyuma ya meza ndogo iliyopangwa fulana, santuri na kaseti. Na wale wale niliodhani wamenuna wakapanga foleni. Mmoja mmoja wanampa mkono, wanamwambia ni wimbo upi uliowaingia, wanatoa noti. Noti zinatumbukia kwenye kopo la biskuti.

Kumbe nako hutuza. Wanangoja muziki uishe tu.

Tangu usiku ule nina msimamo mmoja na siuachi: ukienda kumsikiliza mwanamuziki wa Canada asiye na kampuni kubwa nyuma yake, usitoke ukumbini bila kupita kwenye ile meza. Kiingilio umelipa, sawa, lakini kiingilio kina wenyewe. Kuna mwenye ukumbi, kuna fundi wa sauti, kuna wa mlangoni, kuna bendi nyingine mbili au tatu za usiku huo huo. Kinachobaki hugawanywa kwa watu wanne, na hapo mafuta ya gari bado. Kutoka Toronto hadi Montreal ni zaidi ya kilomita 500, na hiyo ndiyo safari fupi. Kwenda Winnipeg ni zaidi ya kilomita 2,000, sehemu kubwa ni misitu na maziwa, na wakati wa baridi barabara inafungwa kwa theluji huku umelala ndani ya gari pamoja na magitaa. Majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni nayo hulipa sehemu ya senti kwa kila wimbo unaposikilizwa. Fulana moja ya dola 30 inamwachia mwimbaji kiasi ambacho ungehitaji kumsikiliza maelfu ya mara kumfikishia.

Watu hunijibu kwamba serikali ya Canada inawalinda wanamuziki wake. Ni kweli kwa kiasi chake. Tangu mwaka 1971 redio zimelazimika kupiga muziki wa nyumbani, kwanza asilimia 30, baadaye ikapanda hadi 35. Lakini redio inaweza kutimiza hesabu hiyo kwa nyota wanaojulikana dunia nzima, na bendi ya Jumanne usiku isisikike hata mara moja.

Historia ya meza ile ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwimbaji Loreena McKennitt alipiga kinubi na kuimba nje ya soko la St. Lawrence hapa Toronto ili apate fedha za kurekodi albamu yake ya kwanza, mwaka 1985, akaitoa kwa lebo yake mwenyewe, Quinlan Road. Kaseti aliziuza kwa mkono wake. Leo rekodi zake zimeuzwa kwa mamilioni, na lebo bado ni yake. Bendi ya Barenaked Ladies nao, mwaka 1991, walitoa kaseti ya nyimbo tano tu bila kampuni yoyote kubwa, ikauzwa hadi kufikia hadhi ya platinamu Canada, ile ya mauzo makubwa, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa halijawahi kutokea kwa kazi ya kujitegemea. Ukitazama kazi hizo mbili kwa makini utaona mtu aliyesimama barabarani au ukumbini, akasikia kitu, akaingiza mkono mfukoni.

Horseshoe yenyewe ipo tangu 1947. Hapo ndipo Stompin' Tom Connors, yule mwimbaji wa kofia nyeusi aliyekuwa akikanyaga ubao kwa kisigino hadi vumbi la mbao linaruka, alipopiga usiku 25 mfululizo. Na hapo ndipo mtangazaji Dave Bookman alipoendesha kwa miaka mingi usiku wake wa Jumanne wa muziki mpya, mlango wazi, bila kiingilio. Alifariki mwaka 2019. Sikuwahi kuzungumza naye, lakini namdai shukrani, kwa sababu mgeni asiye na fedha wala rafiki angeweza kuingia pale na kusikia bendi ambazo hakuna aliyezijua bado. Na usiku ukiwa wa bure, meza ndiyo inakuwa kiingilio. Hili ningependa watu walielewe zaidi kuliko lolote jingine.

Ndiyo maana niliumia nilipojua kwamba kumbi nyingine hudai sehemu ya mauzo ya fulana. Mpiga besi mmoja alinieleza akiwa bado anafungasha: ukumbi fulani, si Horseshoe, ulimkata asilimia 20 ya fulana ambazo bendi ilizichapisha kwa fedha yake na kuzisafirisha kwa gari lake. Nikawaza, nani angethubutu kumfuata mwimbaji wa taarab na kumwomba mgawo wa noti alizowekewa mkononi? Rapa Cadence Weapon kutoka Edmonton, mshindi mwaka 2021 wa Polaris, tuzo ya albamu bora ya Canada, alilivalia njuga jambo hili mwaka 2022 akishirikiana na chama cha wanamuziki cha UMAW, wakizitaka kumbi ziache kabisa kukata fedha hizo. Namuunga mkono bila shaka yoyote moyoni.

Sasa niseme na wenzangu tunaozungumza Kiswahili huku. Nyota akiletwa kutoka Dar au Nairobi tunalipa bila kuuliza, tunashona hata nguo. Lakini tuna wetu hapa hapa. Adam Solomon, Mkenya anayeimba Kiswahili, alikuwa miongoni mwa wapiga gitaa wa African Guitar Summit, albamu iliyochukua Juno, tuzo kubwa ya muziki ya Canada, mwaka 2005. Shad, rapa aliyezaliwa Kenya kwa wazazi Wanyarwanda, aliipata Juno ya rap mwaka 2011. Pierre Kwenders, mzaliwa wa Kinshasa anayeishi Montreal, aliipata Polaris mwaka 2022. Wangapi kati yetu tumewahi kusimama mbele yao? Nimesimama milangoni nikasikia ndugu zangu wakisema, "Mimi namjua mpiga gitaa, niache nipite." Kama unamjua, ndugu yangu, wewe ndiye uwe wa kwanza kulipa.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa kwenye ukumbi mdogo wenye dari la chini, watu kama sitini. Binti aliyekulia Montreal alikuwa anaimba kwa Kifaransa, peke yake na gitaa, na katikati ya wimbo akaingiza ubeti wa Kiswahili cha Kongo. Mama mmoja wa Bukavu aliyekaa karibu nami, bado kajifunga skafu, akainuka. "Ule ni mtoto yetu," akaniambia, kana kwamba namwomba maelezo. Akatoa noti ya dola 20, akaipeperusha, akaenda mbele polepole akizungusha mabega kama shangazi yangu, akaiweka mkononi mwa binti, na binti akaikunja bila kukosa neno hata moja.

Kijana aliyekuwa nyuma yangu, amekunja mikono, akaniinamia sikioni kuuliza mama yule anafanya nini. Nikamweleza. Akatazama jukwaani kidogo, akapapasa mfuko wa koti, akauliza kama na yeye anaruhusiwa.

Nikajisogeza kando ili apite.