Sikuiba Herufi, Sikuona Tu

Jamani, kabla hamjaendelea kuisambaza ile video, nipeni nafasi na mimi niseme. Aliyeirusha ni rafiki yangu (namwita rafiki kwa mazoea tu), na amekata mwanzo, akakata mwisho, akabakisha pale pa aibu tupu na kuandika juu yake: "Mzee mzima aja na herufi yake kutoka nyumbani." Sikuja na herufi yoyote. Nilikuja bila miwani, basi.

Baraza letu pale Kibokoni mnalijua. Siku hizi ikishaswaliwa magharibi hatuchezi bao, tunagombania Scrabble, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni kuunda maneno ya Kiingereza, kila herufi na pointi zake, na mimi ndiye ninayeitwa Kamusi. Nimesema ninayeitwa, punguzeni kelele. Mpinzani wangu alikuwa mtoto wa jirani, wa sekondari, bado na yunifomu mwilini. Mtoto huyu nusu ya maneno anayoyaweka hajui maana yake. Aliweka QANAT, nikamuuliza qanat ndiyo nini. Akanijibu, "Ami, mimi sijui, lakini kwenye kamusi imo." Nikamkemea. Akanikumbusha Nigel Richards wa New Zealand, aliyechukua ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Mtoto kama huyo utamwambia nini?

Ikafika zamu yangu, naye ameshaniacha mbali. Nikachota kwenye mfuko wa herufi, nikatazama kibao changu: irabu hakuna hata moja. R, T, S, Y, na hechi zote mbili za mfuko mzima. Mwenye akili zake hapo huzirudisha mfukoni, akakubali kupoteza zamu. Lakini kulikuwa na kile kipande cha saba. Kimekaa pale mwisho, miguu imetanuka, nami nikaona M. Na ukiwa na M pamoja na hizo nyingine, Kiingereza kina neno moja la herufi saba lisilotaka a, e, i, o wala u, na wazee wa Scrabble wanaliota usiku: RHYTHMS.

Moyo ulinienda mbio. Sikutaka kuonyesha. Nikanywa funda la kahawa, nikakohoa kidogo, nikaanza kuziweka moja moja kutoka juu kushuka chini. R. H. Y. Watu wakaanza kusogea. T. H. Hiyo M niliiweka kwa vidole viwili, taratibu, nikaisawazisha na ukucha ikae vizuri kwenye mraba wake. Halafu S, ikagota mwisho wa PANGA na kuifanya PANGAS. Nikatangaza hesabu kwa sauti bila kuulizwa: 44 za neno, 50 za kumaliza herufi zote saba kwa mpigo, 9 za PANGAS. Jumla 103!

Nikasimama. Nikasema, "Kahawa baraza zima, juu yangu!" Halafu nikacheza chakacha. Hicho kiuno mlichokiona kwenye video ni changu, sikatai.

Mtoto hakulitazama neno langu. Alikuwa akipitisha kidole juu ya ubao mzima, polepole, kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo.

"Ami," akasema, "em ni ngapi kwenye Scrabble?"

"Mbili," nikamjibu kwa sauti ya mwalimu, kiuno bado hakijasimama vizuri.

"Moja hii hapa, kwenye MATATU." Kidole kikahama. "Ya pili hii, kwenye LEMON." Kidole kikaja kwangu. "Na hiyo?"

Muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake. Akaacha. Nikasikia pikipiki barabarani, nikasikia mtu akimeza mate, na nadhani mtu huyo nilikuwa mimi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniinamia, akaniambia kwa upole mno, "Mwanangu, kung'uta mikono ya kanzu." Nami, badala ya kukasirika, nikaikung'uta! Ukaanguka mswaki. Kuna waliocheka na kuna waliosema astaghfirullah, na mpaka leo sijui kipi kiliniuma zaidi.

Hapo ndipo mtoto alipoweka ncha ya kidole kwenye ile M yangu na kuizungusha. Sikumbuki kitu kilichowahi kuzunguka polepole vile. Kwenye pembe ya juu kulikuwa na tarakimu ndogo iliyolala kichwa chini, na kila kipande kilivyozidi kugeuka ndivyo ilivyozidi kusimama, mpaka ikatulia pale chini kulia. Nne. M ni pointi 3. Yenye 4 ni W.

"RHYTHWS," akasoma. Kwa sauti. Mara mbili. Hebu mtamke nyinyi wenyewe hapo mlipo, bila kumtemea mate aliye mbele yenu.

Namlaumu Alfred Butts. Huyu Mmarekani, msanifu majengo aliyepoteza kazi miaka ya 1930 akakaa kubuni mchezo huu, alipata wakati wa kuhesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ajue ipi inatumika zaidi, lakini wa kuichorea W kistari kwa chini akaukosa. Wewe unayetaka kuandika hapo chini kwamba tarakimu ndiyo kistari chenyewe, nimeshaambiwa.

Mengine hayana maana. Vipande vikaondolewa, nikapata sifuri, nikafungwa. Kahawa ikanywewa, tena hata na watu waliokuwa wanapita tu kwenda zao, maana ahadi ni ahadi na mashahidi walikuwa wengi. Mfukoni pesa hazikutosha. Muuza kahawa akafungua daftari lake la madeni, akalamba ncha ya penseli, akaniuliza mbele ya watu wote kama jina langu linaanza na em ama na dabliu.