Msiseme Ohio iliwakubali wachora mipaka

Inanikera kusikia kwamba Novemba 2024 wapiga kura wa Ohio, jimbo la Marekani, walipewa nafasi ya kuwanyang'anya wanasiasa kalamu ya kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, wakaikataa. Kweli, Hoja ya 1, pendekezo lililobeba nafasi hiyo, ilianguka, takriban asilimia 54 kwa 46. Lakini someni walichoandikiwa.

Hoja ilitaka tume ya raia 15: watano Republican, watano Democrat, watano wasio wa vyama hivyo. Majaji wanne wastaafu wangechuja waombaji wabaki 45, sita wapatikane kwa bahati nasibu, na hao sita wachague tisa waliosalia.

Karatasi ya kura ikasema nini? Kwamba hoja itafuta kinga dhidi ya mipaka ya upendeleo, zilizopitishwa na karibu robo tatu ya wapiga kura, na kwamba tume mpya italazimika kuchora mipaka kwa kuvipendelea vyama viwili vikubwa. Mtu anayechukia upendeleo akiyasoma hayo kibandani, atapiga "hapana" kwa moyo mweupe kabisa!

Maneno hayo yalipitishwa na Bodi ya Kura, mwenyekiti wake Frank LaRose, Katibu wa jimbo, ambaye pia ni mmoja wa wajumbe saba wa tume ya wanasiasa ya kuchora mipaka, ile ambayo hoja ilitaka kuivunja. Kesi ya ngedere kapewa nyani. Mahakama ya Juu ya Ohio iliamuru sehemu mbili zirekebishwe, ila kile kifungu cha "kulazimika" kikabaki, majaji wanne kwa watatu, kila mmoja upande wa chama chake.

Na hizo kinga ni zipi? Marekebisho ya katiba ya Ohio ya 2015 na 2018. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ilitupa ramani mara saba, tano za Bunge na Seneti ya jimbo, mbili za Kongresi. Muda ukayoyoma, na uchaguzi ukafanyika kwa ramani zilizokwisha kukataliwa, kwa sababu mahakama iliweza kukataa ramani lakini haikuwa na mamlaka ya kuchora yake. Jaji Mkuu wa wakati huo, Maureen O'Connor, mwana-Republican, alipostaafu ndiye aliyesimama mbele kuipigania Hoja ya 1.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kanuni ya uwiano iliyomo kwenye hoja ilikuwa ngumu kuieleza. Viti vilipaswa kulingana na kura za jimbo zima, tofauti isizidi asilimia tatu, hali Democrat wamerundikana Cleveland na Columbus. Kuupata uwiano huo huenda kungehitaji kukata miji vipande.

Atakayezunguka tena kaunti 44 kutafuta saini za kuifikisha hoja nyingine kwa wapiga kura aongeze sharti moja kwenye hoja yake: mjumbe wa tume inayopigiwa kura asiguse maneno ya karatasi ya kura.