Mkoko Haupandwi Popote

Jumamosi nilipita ufuo ule tuliopanda mikoko mwaka juzi. Safu kwa safu, miche iliyo hai niliyoiona ni minne. Mingine yote ni vijiti vikavu vilivyogandwa na chaza. Na juzi nimepata mwaliko wa kwenda kupanda tena, palepale, mikoko ileile. Nimekasirika kweli.

Siku ile ya kupanda, mzee mmoja mvuvi wa kaa alituambia, "Wanangu, hapa ni pa mlilana. Mkoko kwao ni kule nyuma, kwenye tope." Tukamwitikia kwa adabu, tukaendelea kupanda.

Miti hii ya ufuoni yote tunaiita mikoko, lakini mkoko wenyewe ni aina moja tu. Pwani ya Kenya ina aina 9 za miti hii, na kila mmoja una namna yake ya kuishi na maji. Mlilana unakaa mbele, unakabili bahari, mizizi yake imechomoza juu kama pembe. Mchu unavumilia hata kule nyuma kunakofikiwa na maji ya bamvua tu, yale yanayojaa kupita kiasi, ambako udongo umekolea chumvi. Ramba jani lake wakati wa kiangazi: chumvi tupu, mti wenyewe umeitoa.

Mkoko ndio tunaoupenda, kwa kuwa mbegu yake huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia ndefu, kijani, ncha chini. Unaiokota, unaichomeka topeni, basi. Lakini mti huu unasimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu, na mizizi hiyo ina vitundu vya kupitishia hewa. Maji yakipwa, unapumua. Sisi tuliupeleka mahali ambapo mche unafunikwa na maji karibu siku nzima, mawimbi yakiutikisa na mchanga ukiufukia. Tuliuzamisha kwa mikono yetu. Tena baadhi ya safu tulizipitisha juu ya nyasi za bahari, mahali samaki aina ya tafi wanapokula.

Nakubali, kupanda kunafaa panapostahili. Kule Gazi, kijiji cha pwani ya kusini mwa Kenya, walirudisha mikoko pale ilipokuwa imekatwa, na leo ni msitu. Lakini walirudisha mti kwao.

Wanaonialika ni watu wema, najua wanaipenda pwani hii kama ninavyoipenda. Nimewajibu kwamba nitakuja, mradi yule mzee atangulie kutuonyesha mahali kabla mche wa kwanza haujachomekwa. Mpaka sasa hawajanijibu.