Gerrard Alivyotuongezea Ng'ombe Watatu

Siku ya kupeleka mahari ya kaka yangu ilipangwa na wazee wasiojua mpira. Ndiyo maana iliangukia Jumamosi, Mei 13, 2006, siku ya fainali ya Kombe la FA la Uingereza, Liverpool yangu na West Ham kule Cardiff, saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Nilimwomba baba tuisogeze wiki moja. Akaniuliza ni nani amekufa.

Basi nikajipanga. Kiredio kikaingia mfuko wa ndani, waya ukapita ndani ya mkono wa koti mpaka kiganjani, na kiganja nikakiegemeza sikioni, mtu mwenye mawazo mazito. Tulipofika kwa wakwe, nje kidogo ya Webuye, shangazi wa msichana alinitazama akasema, "Huyu kijana ametulia. Akae hapo mbele." Nikawekwa ana kwa ana na msemaji wao, mwalimu mstaafu mwenye sauti kama kengele ya shule.

Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na vijiti. Kijiti kimoja, ng'ombe mmoja. Wao waliweka 13. Baba akaondoa vitano polepole. Mwalimu akavirudisha vyote bila hata kuviangalia.

Dakika ya 21 beki wetu Carragher akajifunga. Nikaguna "Aaai!" kwa uchungu, kumbe ndipo mwalimu alipokuwa akitaja blanketi la nyanya. Nyanya mwenyewe akanigeukia. Ashton wa West Ham alipoongeza la pili nikainamisha kichwa. Shangazi akawanong'oneza wenzake, "Hawa watu hawana kitu. Si mnaona kijana anavyoumia?" Mwalimu akakohoa, akatoa kijiti kimoja.

Hapo nikang'amua jambo ambalo hata kocha wetu Benítez hakulijua: tukifungwa, bei inashuka. Cissé akarudisha moja, Gerrard akasawazisha dakika ya 54, na kwa wakati huohuo mwalimu akakaza kamba. Halafu Konchesky akapiga krosi, ikampita kipa wetu Reina, ikajaa wavuni. 3-2. Nikatoa leso nikafuta macho. Vijiti viwili vikaondoka. Tukawa na kumi! Baba akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha; alidhani naigiza.

Dakika tisini zikakaribia kwisha. Cissé akaanguka, misuli imemkaza. Beki wa West Ham, Lionel Scaloni, kwa uungwana wake akautoa mpira nje. Akarudishiwa, akaubutua, ukaangukia kwa Liverpool tena. Krosi ikaingia, ikaondolewa. Mle sebuleni mwalimu naye alikuwa amechoka na vijiti. "Wazee, tusichoshane," akasema. "Tumalize na zile 13 za desturi. Mnasemaje?"

Gerrard, naye miguu imeshamkaza, akaupiga kutoka yadi kama 35.

"NDIYOOO! NDIYO! NDIYO!"

Nilikuwa juu ya kiti, mikono hewani.

Vigelegele vikalipuka kutoka jikoni. Akina mama wakaingia wakicheza, mmoja na mwiko wa ugali mkononi. Mwalimu akanikumbatia, akakusanya vijiti vyote 13 na kuvifunga kwa uzi. Baba alifungua mdomo, akaufunga. Ungebishaje ndiyo tatu za mwanao mbele ya wakwe? Kaka yangu alikuwa akitazama dari.

Muda wa nyongeza tuliumalizia kwenye kuku. Firigisi nilipewa mimi, kwa heshima ya kufunga mazungumzo, na nilikuwa nayo mdomoni Reina alipopangua penalti ya Ferdinand, yake ya tatu jioni hiyo. Liverpool wakabeba kombe kwa 3-1 za penalti. Nilishangilia kwa kutafuna.

Ukoo mzima hunilaumu mimi. Shemeji peke yake ndiye hana kinyongo. Ananiita Gerrard na kuku wake simkosi. Lakini tusidanganyane, wa kulaumiwa ni Scaloni. Angeubutua ule mpira jukwaani, tungelipa kumi.

Desemba 2022 Scaloni huyohuyo, sasa kocha, akaipeleka Argentina fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa wa Messi, hadi watoto. Kaka alivaa shati la bluu, akakaa kiti cha pembeni, na kuishangilia Ufaransa peke yake mpaka penalti ya mwisho.