Mletee mama mkwe chai ya maziwa

Najua kuna mtu atasoma hii aseme jamaa anatupiga chai. Sawa, ila chai yenyewe ndo stori nzima, tulia.

Nina kashamba Mlandizi, kana kibonde hivi maji ya mvua yanapita. Mwaka 2023 sijui shetani gani alinipitia nikaamua nizibe kile kibonde kwa tuta la udongo nipate bwawa la kupungia upepo wikiendi, sato wachache, kamtumbwi, nyama inachomwa pembeni chini ya mwembe, yaani na mimi nijisikie nina hela. Kibali cha watu wa Bonde la Wami/Ruvu, wale wanaosimamia maji ya huku, sikuomba, nilijisemea hili sio bwawa bana, ni dimbwi lenye maringo.

Kijiko, lile tinga la kuchimbia, nilikodi kwa masaa. Dereva wake alikuwa anaijua kazi, akanambia bosi udongo unapanga tabaka kwa tabaka, sentimita 20 hivi, unamwagia maji kidogo, unashindilia, ndo unaweka jingine. Nikipiga hesabu ya masaa naona hapana. Tukarundika lote kwa mkupuo, kijiko kikapita juu mara mbili, jioni wapwa zangu wakafungulia singeli wakacheza juu ya tuta mpaka vumbi likatimka, na mimi nikahesabu hiyo ndo kushindilia. Bomba la plastiki la inchi 4 la kutolea maji tukalilaza chini ya tuta hivyohivyo. Jamaa akasema livishe kola za zege, maji yanapenda kutembea na ubavu wa bomba. Nikamjibu bomba halina shingo. Watu wakacheka, nikajiona mjanja.

Mvua za mwisho wa mwaka zikalijaza. Nyuma ya tuta, pale bomba linapotokea, kukawa na majimaji. Nina mzee ananilindia shamba, tunamwita Babu, akanambia tuta la udongo kutoa jasho ni kawaida, cha kuangalia ni rangi. "Yakiwa safi hayana tope, lala usingizi. Siku yakitoka rangi ya chai ya maziwa ujue linatapika udongo wa tumboni, usiulize swali, kimbia."

Sasa kulikuwa na utoro, ule mfereji wa pembeni wa kupitisha maji yakizidi. Jina lenyewe utoro na kweli sato walikuwa wanatoroka, kila mvua napoteza samaki. Nikafunga wavu, hafu nikapanga na viroba vya mchanga ili maji yapande futi moja, mtumbwi usiguse tope. Nililala nimeridhika kabisa.

Aprili 2024, masika ile ya El Nino, nikawaalika wakwe Jumapili. Usiku wa kuamkia ilinyesha hatari. Turubai tulilifunga chini, nyuma ya tuta, maana ndo palikuwa na majani mabichi mazuri kuliko shamba zima. (Kwa nini ni mabichi, sikujiuliza.) Mke wangu akachungulia juu akasema baba nanii, haya maji hayajazidi, limebaki kiganja tu yafike juu? Nikamwambia hiyo inaitwa ful tanki.

Pilau limeshapakuliwa, Babu akaja kofia mkononi, hakutaka kuwatisha wageni.

"Bosi, chai ya maziwa iko tayari."

"Safi sana, anza na mama."

"Bosi. Ya MAZIWA."

"Nimesikia Babu, tia na tangawizi."

Mama mkwe akadakia, "Mie ya maziwa inanijaza gesi, baba, niletee ya rangi." Babu akamwangalia kwa huruma: "Mama, jana yalikuwa maji tu. Leo ndo imekuwa chai."

Aisee hapo ndo akili ikanirudia. Nikakimbilia nyuma ya bomba, nakuta tundu la ukubwa wa kifundo cha mkono linatema tope, glugluglu, na mabonge ya udongo yanatoka. Nikapiga kelele wote pandeni juu kule kwenye mwembe! Mimi mbio kwenye utoro kuvuta viroba, wavu umejaa majani, migomba na ndala moja ya kushoto, na kiroba cha mchanga kilicholowa wakuu msikisikie tu, nilifanikiwa kutoa viwili. Nageuka nyuma namwona mama mkwe, yule aliyeshushwa kwenye gari kashikiliwa mikono miwili sababu ya magoti, anapandisha kilima anawapita wapwa zangu, sahani mkononi, pilau halijamwagika hata punje.

Hafu katikati ya tuta pakadidimia taratibu kama andazi lililotobolewa. Bwawa lilikuwa mita 30 kwa 20, kina kama mita 1.5, piga hesabu mwenyewe, hizo ni lita laki tisa, maboza 90 ya lita elfu kumi kumi, yote yanapita pale tulipokuwa tunakula. Turubai likaenda. Viti vya kukodi vikaenda. Sufuria la pilau likaondoka na mfuniko wake, limesimama wima kama limekata tiketi. Bahati kule chini hakuna nyumba, ni mchicha wa jirani tu, mana nilipowaza ingekuwepo nyumba nilikaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

Viti 14 nimelipa, mchicha nimelipa, mtumbwi tuliukuta umepaki katikati ya matuta ya jirani vizuri kuliko nilivyowahi kuupaki mimi. Sato waliokotwa na watoto wa mtaa mzima kwa ndoo, hakuna aliyenikumbuka hata na mmoja.

Na sasa hivi nikienda ukweni, mama anakuja taratibu na kikombe, ananiangalia usoni: "Baba, hii ya maziwa. Utakunywa, au unataka kukimbia kwanza?"