Katapila lingefukia waliokuwa hai
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba waokoaji wa jengo lililoporomoka Kariakoo, Novemba 2024, walipoteza muda kwa kutoingiza katapila mapema. Sikubaliani naye. Nimesimamisha mirunda, yaani nguzo za mbao za kushikilia, chini ya slabu (sakafu ya zege) kwa miaka mingi, na najua kwamba zege lililopasuka huweza kushikiliwa na kitu kidogo, pengine kabati tu lililobanwa. Ukivuta kifusi upande mmoja, uzito unahamia alikolala majeruhi. Kwanza, ili kuishikilia slabu, vipande vya mbao nene hupangwa chini yake kwa kupishana, tabaka juu ya tabaka, kisha kabari mbili zinazoelekeana hugongwa taratibu hadi zibane, bila kuinua slabu hata kidogo, maana kuiinua ni kuipasua upya. Je, yupo aliyeona mbao hizo zikifika pale siku ya kwanza?